Hitilafu si Kosa: Historia ya Somo la Uchanganuzi wa Kinamba na Lugha ya Kulifundishia



1.0 Utangulizi

Huenda baadhi yenu mmeshangaa kuona mada ya hisabati katika mihadhara ya taaluma za Kiswahili. Mshangao huo una haki yake. Hata hivyo, somo nitakalolizungumzia, yaani uchanganuzi wa kinamba pamoja na ukokotoaji wa kisayansi, ni somo ambalo tangu kuzaliwa kwake limekuwa likitafuta maneno. Mwanafunzi wa somo hili hujifunza namna ya kupata majibu ya maswali ya hisabati kwa tarakimu, hasa pale ambapo jibu kamili halipatikani kwa kanuni za kawaida. Hujifunza pia jambo gumu zaidi: kusema jibu alilolipata liko umbali gani kutoka kwenye ukweli.

Umbali huo, kwa Kiingereza, hubeba jina lilelile linalotumika kwa kosa la mtu. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kiswahili anayefasiri neno hilo kichwani mwake huliita "kosa", na kuanzia hapo huelewa somo zima kwa upogo. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba historia ya kozi hii ni historia ya kujifunza kutenganisha hitilafu na kosa, na kwamba Kiswahili kilikuwa tayari na maneno ya kuweka mpaka huo. Ili kuithibitisha hoja hiyo nitaanzia Uingereza na Marekani, ambako kozi ilizaliwa, kisha nirejee kwetu.

2.0 Wakokotoaji kabla ya mashine

Kabla ya miaka ya 1940, neno ambalo leo linataja mashine ya kompyuta lilimtaja mtu. Mkokotoaji alikuwa mfanyakazi, mara nyingi mwanamke, aliyeketi mezani na kikokotoo cha mkono, majedwali ya logi na karatasi ya mistari. Mwaka 1913, E. T. Whittaker alifungua maabara ya hisabati katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, ambamo wanafunzi walifanya hesabu kwa vitendo kama wenzao wa kemia wanavyofanya majaribio. Kitabu alichokitoa pamoja na G. Robinson mwaka 1924 kilitokana na mafundisho ya maabara hiyo.

Mjini New York, mwaka 1938, ulianzishwa Mradi wa Majedwali ya Hisabati, uliowaajiri mamia ya watu waliopoteza kazi wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Wengi wao hawakuwa na elimu kubwa ya hisabati. Gertrude Blanch, aliyesimamia upande wa hisabati, alilazimika kuigawa kila kazi katika hatua ndogo ambazo mtu asiyeujua mwisho wake angeweza kuzitekeleza bila kupotea. Aliweka pia hatua za ukaguzi, ili kosa la mtu mmoja ligunduliwe kabla halijaambukiza jedwali zima. Kwa maneno mengine, kabla mashine haijapewa maagizo, maagizo hayo yalikwisha kuandikwa kwa ajili ya binadamu.

Hapa tayari mambo mawili yanajitenga. Mfanyakazi aliyeandika 7 badala ya 1 amekosea, na anaweza kusahihishwa. Lakini mfanyakazi aliyeandika 0.3333 mahali pa theluthi moja hakukosea hata kidogo. Ameacha tofauti kati ya alichoandika na ukweli kwa sababu karatasi ina mwisho na theluthi moja kwa desimali haina.

3.0 Cambridge: kozi ya kwanza

Chuo Kikuu cha Cambridge kilianzisha Maabara ya Hisabati mwaka 1937. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, chini ya Maurice Wilkes, maabara hiyo iliunda mashine iliyoitwa EDSAC. Mashine hiyo ilitekeleza programu yake ya kwanza tarehe 6 Mei 1949, ikachapa jedwali la vipeo vya pili vya namba kuanzia 0 hadi 99. Ilikuwa na valvu zipatazo 3,000, na kumbukumbu yake, iliyohifadhiwa kama mawimbi ya sauti ndani ya mirija ya zebaki, hapo mwanzo ilibeba maneno 512 tu. Maagizo yaliingizwa kwa utepe wa karatasi uliotobolewa matundu.

Wilkes ameeleza katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1985, jinsi mwaka huohuo wa 1949 alivyotambua ghafla kwamba sehemu kubwa ya maisha yake yaliyosalia ingetumika kutafuta makosa katika programu zake mwenyewe. Programu iliyomzindua ilikuwa fupi, yenye mistari 126. Utepe wake ulipokuja kuchunguzwa miaka mingi baadaye ulionekana kuwa na makosa yapatayo 20. Haya yalikuwa makosa kweli, kwa maana ya neno hilo katika Kiswahili: mtu alinuia jambo moja akaandika jingine.

Dawa waliyoipata Wilkes na wenzake David Wheeler na Stanley Gill ilikuwa ya kimaktaba. Walikusanya vijiprogramu vilivyokwisha kujaribiwa, vya kutafuta kipeuo cha pili, kufuatilia milinganyo inayoeleza mabadiliko, kuchapa namba na kadhalika, wakavihifadhi kama tepe ndani ya kabati ili kila mtumiaji aazime badala ya kuandika upya. Kitabu chao cha mwaka 1951 ndicho kitabu cha kwanza cha uandishi wa programu kuchapishwa.

Oktoba 1953, Cambridge ilianza kutoa Stashahada ya Uchanganuzi wa Kinamba na Ukokotoaji Unaojiendesha, kozi ya mwaka mmoja kwa watu waliokwisha kupata shahada. Ndiyo kozi ya kwanza duniani ya taaluma ya kompyuta kutunukiwa cheti cha chuo kikuu, na iliendelea, kwa kubadili jina na maudhui, hadi mwaka 2008. Jina lake la awali linastahili kuzingatiwa. Waasisi hawakuitenga mashine na hisabati yake. Aliyetaka kuiamuru EDSAC alitakiwa pia kujua kiasi cha kuliamini jibu lake. Haja hiyo ilikuwa ya kweli: miongoni mwa watumiaji wa mashine hiyo alikuwamo John Kendrew, aliyekuwa akitafuta umbo la protini iitwayo mayoglobini, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1962.

4.0 Teddington: hofu na utulivu

Swali la kuaminika kwa jibu lilikuwa limezua hofu kubwa. Mwaka 1943, mwanatakwimu Harold Hotelling alikadiria kwamba, katika kutatua seti ya milinganyo ya mstari kwa njia ya kuondoa vitambulika kimoja baada ya kingine, hitilafu ingeweza kukua mara nne kwa kila mlinganyo unaoongezwa. Kwa milinganyo 18, hiyo ni zaidi ya mara bilioni 10. Kama makadirio hayo yangekuwa ndiyo hali ya kawaida, mashine mpya zingekuwa viwanda vya kuzalishia upuuzi kwa kasi.

Mwaka 1946, katika Maabara ya Taifa ya Fizikia huko Teddington, karibu na London, ilipokewa seti ya milinganyo 18 ya namna hiyo. Leslie Fox, E. T. Goodwin, Alan Turing na kijana James Wilkinson waliitatua kwa vikokotoo vya mezani. Walipolirudisha jibu ndani ya milinganyo ili kulipima, walikuta linaitimiza kwa usahihi ambao hawakuutarajia. Hofu ilikuwa imezidi ukweli, na swali likawa ni kwa nini.

Turing alichapisha makala kuhusu jambo hilo mwaka 1948, akaupa jina utepetevu wa seti ya milinganyo: kuna seti ambazo badiliko dogo katika swali huleta badiliko kubwa katika jibu, na kuna zilizo imara. Wilkinson naye alitumia miaka mingi kuikuza na kuieneza namna mpya ya kuuliza, aliyoieleza katika vitabu vyake vya mwaka 1963 na 1965, na mwaka 1970 akapewa Tuzo ya Turing.

Namna hiyo ya kuuliza naweza kuieleza kwa mfano wa fundi cherehani. Fundi amekushonea kanzu nawe unaona haikukaa sawasawa. Unaweza kuuliza: kanzu hii imepotoka kiasi gani? Wilkinson angeuliza: kanzu hii ingemkaa barabara mtu wa vipimo gani? Ikiwa mtu huyo anapishana nawe kwa upana wa uzi, kiasi ambacho hata futi ya kupimia haikioni, basi fundi hana lawama. Kama bado kanzu inakupwaya vibaya, tatizo limo katika mshono uliouchagua, ambao hauvumilii tofauti ndogo ya vipimo. Vivyo hivyo, jibu la mashine hutazamwa kama jibu kamili la swali lililo jirani. Lawama ya njia iliyotumika na ugumu wa swali lenyewe hupimwa mbalimbali.

Kutokana na hatua hiyo, uchanganuzi wa kinamba ulipata msingi wa kufundishika. Mwalimu aliweza sasa kumwambia mwanafunzi ni kipi cha kuogopa na kipi si cha kuogopa, na kumwonyesha sababu.

5.0 Stanford na New Mexico: mwalimu anatafuta lugha

George Forsythe alifika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1957, na mwaka 1965 akaanzisha huko idara ya sayansi ya kompyuta. Mwaka 1970 alichapisha makala kuhusu mitego ya ukokotoaji, akionya kwamba kitabu cha hisabati pekee hakitoshi. Miongoni mwa mifano yake ilikuwamo kanuni ambayo kila mwanafunzi wa sekondari huikariri, ile ya mlinganyo wa kipeo cha pili.

Nitatoa mfano wangu mwepesi wa aina hiyo. Chukua mlinganyo x² − 1000x + 1 = 0, na tuseme mashine yetu hutunza tarakimu muhimu nne tu. Kanuni inatutaka tutafute kipeuo cha pili cha 999,996. Kwa tarakimu nne namba hiyo inakuwa 1,000,000, na kipeuo chake ni 1000. Jibu kubwa ni 1000, ambalo ni zuri. Jibu dogo ni 1000 toa 1000, gawanya kwa mbili, yaani sifuri. Lakini sifuri haiwezi kuutimiza mlinganyo huu, kwani jibu la kweli ni takriban 0.001. Sasa tukumbuke kwamba majibu mawili ya mlinganyo huu yakizidishwa hutoa 1. Tukigawanya 1 kwa 1000 tunapata 0.001, kwa mashine ileile na tarakimu zilezile. Kanuni ni sahihi na mashine haikukosea. Kilichobadilika ni mpangilio wa hatua, na mpangilio huo ndio unaofundishwa katika kozi hii.

Mwanafunzi mmoja wa Forsythe, Cleve Moler, alikuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha New Mexico mnamo miaka ya 1970. Maktaba bora za programu za wakati huo zilihitaji mtumiaji aandike programu nzima kwa lugha ya Fortran hata kwa swali dogo, hivyo muda wa mwanafunzi uliishia kwenye sarufi ya mashine. Moler akatunga chombo alichokiita MATLAB, ambamo mwanafunzi aliandika sentensi fupi inayofanana na hisabati ya ubaoni na kupata jibu papo hapo. Mwaka 1984 chombo hicho kilizaa kampuni, na leo kinatumika duniani kote pamoja na lugha huria kama Python na Julia. Lakini kilianza kama juhudi ya mwalimu aliyetaka kuondoa lugha iliyosimama kati ya mwanafunzi na fikra.

6.0 Kosa, hitilafu na Kiswahili

Jambo hilo linatuleta kwetu. Katika vyuo vikuu vyetu vya Afrika Mashariki somo hili limefundishwa kwa Kiingereza. Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, kwa kazi za uhasibu, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta, kwa sababu zilizohusisha matatizo ya hesabu hizo na upungufu wa fedha za kigeni. Mashine iliingia katika mazungumzo yetu kupitia ofisi kabla ya kupitia darasa la hisabati. Kuhusu jina lake tulishindana sana: ngamizi, tarakilishi, kompyuta. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioendeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Juhudi hizo zilikuwa na manufaa makubwa, lakini zilihusu majina ya vitu na maagizo ya kwenye skrini. Lugha ya kuamua kama jibu linaaminika haikupata uangalizi kama huo.

Tutazame basi neno "kosa". Linatokana na kitenzi "kukosa", chenye maana mbili zilizo jirani: kutopata ulichokilenga, kama katika "nimekosa basi", na kutenda yasiyopasa, kama katika "nimekukosea". Mwenye kosa ni mkosaji, huomba radhi, na akifikishwa mahakamani huadhibiwa. Mwanafunzi anayeambiwa kuwa jibu lake lina "kosa la 0.0004" husikia lawama. Hufuta jibu, huongeza tarakimu, na hatimaye huandika tarakimu 16 alizopewa na mashine ili ajikinge. Anayefanya hivyo hajauelewa msingi wa somo, kwamba tofauti hiyo haina budi kuwapo, na kwamba kazi yake ni kuipima na kuiwekea mpaka.

Kwa upande mwingine, "hitilafu" limetoka katika Kiarabu, katika neno lenye maana ya tofauti au kutokubaliana. Maana hiyo ingali hai katika kitenzi chetu "kuhitilafiana". Watu wawili wanapohitilafiana, si lazima mmoja awe mkosaji, wanapishana tu. Hivyo ndivyo hasa jibu la mashine na jibu la kweli yanavyohusiana. Napendekeza, kwa hiyo, "hitilafu" itumike kwa tofauti inayopimika kati ya thamani ya kweli na thamani iliyokokotolewa. Chini yake tuwe na "hitilafu ya ufupisho", inayotokana na mashine kutunza tarakimu chache, na "hitilafu ya ukataji", inayotokana na kusimamisha mapema hatua ambazo kihisabati hazina mwisho. "Kosa" libaki kwa programu iliyoandikwa vibaya. "Dosari" litaje udhaifu wa njia yenyewe, kama ile kanuni tuliyoiona ilipotumika bila busara.

Pendekezo hili lina pingamizi lenye uzito. Katika matumizi ya kila siku, "hitilafu" pia ni kuharibika kwa chombo: tunasikia kwamba umeme umekatika kutokana na hitilafu ya mitambo. Mtu aweza kusema kwamba tunaikimbia lawama ya mtu na kuangukia ubovu wa mashine. Wapo watakaopendelea "mkengeuko". Lakini neno hilo limekwisha kushika nafasi katika takwimu, katika "mkengeuko sanifu", na kulitumia mara mbili kutazua utata mpya. Naona ni rahisi zaidi kuirejesha maana ambayo kitenzi "kuhitilafiana" hakijaipoteza kuliko kutunga neno lisilo na jamaa.

Utajiri huo hauishii hapo. "Takriban", neno tunalolitaja kabla ya kila makadirio, linatoka katika mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa "karibu" na "kukaribia". Anayesema "takriban" anasema amekaribia, na swali linalofuata kwa kawaida ni: amekaribia kiasi gani? "Hesabu", "sifuri" na "tarakimu" zina asili hiyohiyo ya Kiarabu, na neno la kimataifa la utaratibu wa ukokotoaji, algoritimu, limetokana na jina la al-Khwarizmi, mwanazuoni wa Baghdad wa karne ya 9. Maneno haya, ukiondoa algoritimu, yalitufikia kwa bahari na biashara, si kwa tafsiri ya vitabu vya karne ya 20, na mzungumzaji wa kawaida anayahisi maana zake.

Kwamba suala hili si la wanaisimu pekee, tunaweza kulishuhudia Dhahran, Saudi Arabia, tarehe 25 Februari 1991. Mtambo wa kuzuia makombora ulihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde. Sehemu moja ya kumi, katika mfumo wa namba wa mashine, haina mwisho, kama theluthi moja isivyo na mwisho katika desimali, na mtambo ulitunza tarakimu chache tu. Hitilafu ya kila hatua ilikuwa ndogo mno. Baada ya saa 100 za kuwashwa mfululizo, jumla yake ilifika takriban theluthi moja ya sekunde, na mtambo ukalitafuta kombora mahali ambapo halikuwapo. Wanajeshi 28 walipoteza maisha. Hitilafu yenyewe haikuepukika. Kosa lilikuwa kuiacha ikusanyike bila kuipima, na anayeliita kila moja kwa jina la jingine hatajua ni lipi la kurekebisha.

7.0 Hitimisho

Nimeeleza jinsi kozi ya uchanganuzi wa kinamba ilivyokua kutoka meza za wakokotoaji wa Edinburgh na New York, ikapata umbo la kitaaluma Cambridge mwaka 1953, ikapata utulivu wa kinadharia Teddington, na ikapata lugha nyepesi ya kufundishia New Mexico. Katika kila hatua, maendeleo yalikuja pale mtu alipotenganisha mambo mawili yaliyokuwa yamefungwa katika neno moja.

Sisemi kwamba kozi hii ihamishiwe kwenye Kiswahili kwa amri, wala kwamba istilahi peke yake humfanya mtu ajue hisabati. Ninachoomba ni kidogo na kinawezekana muhula huu. Mwalimu wa hisabati anayefundisha kwa Kiingereza atumie dakika chache za kipindi cha kwanza kueleza kwa Kiswahili kwamba hitilafu si kosa. Nasi wa idara za Kiswahili, tunapokaa kuandaa orodha za istilahi, tumwite mwalimu huyo tangu mwanzo, kwani yeye ndiye anayeona, katika karatasi za mitihani, mahali ambapo neno moja lililofasiriwa vibaya limempoteza mwanafunzi mwenye akili timamu.